Kuku wa Wamaza na nondo wa Madame Soraya

Saa moja na robo asubuhi ukungu bado umelalia mashamba ya mpunga ya Wamaza, na wanafunzi wa darasa la mwisho hawapo darasani. Wako kando ya barabara, chini ya safu ya mikaratusi, pua zao karibu na magome kama wanunuzi wanaokagua samaki sokoni. Katikati yao amesimama mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge juu ya sketi yake ya kazi. Mkononi ana kibweta cha kiberiti.

Anakifungua. Ndani hamna njiti. Kuna nondo mmoja aliyekufa, yule kipepeo wa usiku anayezunguka taa, rangi yake nyeusi inayoelekea kahawia.

"Nani anashika?" anauliza.

Kijana mmoja, Serge, anasugua bawa la nondo kwa kidole gumba. Kidole kinabaki na unga mweusi. Anawaonyesha wenzake, uso umejaa ushindi.

"Moshi, Madame. Hii iko moshi ya matofali. Inamupaka."

Darasa zima linaafiki, na mgeni akitazama upande wa juu wa barabara anaelewa kwa nini. Kule liko tanuru la kuchoma matofali, na mikaratusi iliyo jirani nalo imekuwa myeusi kama sufuria ya kupikia nje. Huku chini, karibu na uwanja wa shule, miti ni ile ile na ilipandwa mwaka mmoja, lakini magome yake ni meupe yenye madoa ya kijivu.

Mwalimu anatoa kibweta cha pili. Nondo huyu ni mweupe wa kufifia, amekamatwa kule mtoni, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye tanuru.

"Sugua na huyu."

Serge anasugua. Unga tena, safari hii wa rangi ya majivu. Kicheko kilichokuwa kimeanza nyuma kinakatika.

"Kule mutoni, nani anachoma matofali?" mwalimu anauliza.

"Hakuna mutu."

"Na hii vumbi imetoka wapi?"

Serge anakisogeza kidole karibu na macho. "Iko yake mwenyewe," anasema. "Alizaliwa nayo."

"Andika," anasema mwalimu. "Lakini usiandike kama ni mimi nimesema. Mimi sijasema kitu."

Jina lake ni Soraya Assumani, ana umri wa miaka thelathini na tisa, na anafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Wamaza, eneo la Kabambare, kusini mwa Maniema. Wanafunzi wanamwita Madame Soraya. Wazazi nao wanamwita Madame, hata wale waliomzidi umri, na kuna kipindi mwaka jana walipolitamka neno hilo kwa namna ya kutema kokwa.

Alizaliwa Kasongo, katika familia ya Kiislamu inayouza vitambaa sokoni tangu enzi za babu wa babu yake. Nyumbani walitegemea auze, kama dada zake. "Kwetu, mutoto akishindwa kuuza kitenge, wanauliza kama iko na homa," anasema, bila kucheka, ingawa macho yanacheka. Alisomea ualimu hapo Kasongo, akapanda pikipiki kuja Wamaza miaka tisa iliyopita kwa nia ya kukaa mwaka mmoja. Mumewe yuko Kasongo na duka. Wanaonana likizo, na barabara ikiharibika sana, hata likizo inakatwa nusu.

Bado hayumo kwenye orodha ya walimu wanaolipwa na serikali. Anachopata kinatoka kwenye michango ya wazazi, na mwezi mbaya mchango huo unakuja ukiwa debe la mpunga au chupa za mafuta ya mawese. Maabara ya shule ni kabati moja lisilo na mlango. Kitabu cha biolojia ni kimoja, na kurasa zake mbili zimegandana tangu kiliponyeshewa.

Katika kitabu hicho ndimo alimokuta habari ya nondo wa Uingereza. Zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, wengi wao walikuwa weupe wenye madoa, wakajificha vizuri kwenye magome ya miti iliyoota ukoga wa kijivu. Viwanda vikaja na masizi, miti ikawa myeusi. Weupe wakaonekana waziwazi, ndege wakawala. Weusi, ambao walikuwa wachache tu, wakasalimika na kuzaa, mpaka wakawa ndio wengi. Hewa iliposafishwa, weupe walirudi. Hakuna nondo hata mmoja aliyebadili rangi yake. Kilichobadilika ni nani aliyeishi hadi kuzaa.

Soraya aliposoma ukurasa ule aliinua macho, akaona mikaratusi ya barabarani, nusu myeusi na nusu myeupe. "Nilisema, bon, leçon, somo yenyewe, iko mulangoni. Sasa nitaandikisha watoto nini?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumwendea kombo.

Katika shule nyingi za huku somo ni kuandikisha. Mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika, mtihani unakuja, mwanafunzi anarudisha kilekile. Soraya hakutaka hivyo. Mwaka jana, mwezi wa tano, alikanda unga wa muhogo na kuugawa sehemu mbili, moja akaichanganya na makaa ya kusaga. Wanafunzi walifinyanga nondo bandia, weupe ishirini na weusi ishirini kwa kila upande wa barabara, wakawabandika chini kwenye mashina. Walikosa ndege. Ndege wa porini hawaji mahali penye wanafunzi arobaini wanaosukumana, na kipindi kinaisha kabla hawajakusanya ujasiri. Basi waliazima kuku wa jirani, Mama Laetitia.

Kuku walikuja bila kubembelezwa.

Kwenye miti myeusi ya tanuruni, karibu nondo weupe wote waliliwa na weusi wakabaki, sawasawa na kitabu. Darasa lilipiga makofi. Kisha wakaenda kwenye miti myeupe, mahali ambapo weupe walipaswa kujificha. Huko nako kuku waliwala weupe kumi na saba, na weusi sita tu. Walirudia kesho yake, ikatoka vilevile. Soraya hakuwa na maelezo, na kwa kuwa hakuwa nayo, aliwaambia wanafunzi waandike walichokiona. Alisema sayansi inaanza hapo. Aliamini hivyo, na bado anaamini.

Kisha ukaja mtihani wa taifa, ule ambao bila kuufaulu hakuna diploma. Swali mojawapo liliuliza, katika msitu usio na moshi, ni nondo gani wanaosalimika zaidi. Majibu matano, chagua moja. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwa miaka mitatu, Héritier, mwana wa Bulaimu, mwenye tanuru lile la matofali, alichagua weusi.

"Mi niliona na macho yangu," Héritier anasema leo. Ana miaka ishirini, sauti ya chini, mikono imejaa michubuko ya kuni. "Niliona mara mbili. Juu ya nini ningejibu ingine?"

Alikosa diploma kwa alama chache mno. Swali moja haliwezi kumwangusha mtu, na Héritier mwenyewe anakiri kwamba hesabu zilimsumbua pia. Lakini kijiji hakikusimulia habari ya hesabu. Kilisimulia habari ya kuku. Mwisho wa likizo hakukuwa na mtu Wamaza ambaye hakujua kwamba Madame wa Kasongo aliwafundisha watoto kwa kuku, na mtoto wa Bulaimu akaanguka.

Bulaimu hakuja shuleni kupiga kelele. Alifanya jambo zito zaidi. Alimpelekea mkuu wa shule ujumbe kwamba mwanafunzi yeyote asikanyage upande wake wa barabara. Ndiyo maana asubuhi hii darasa limesimama kwenye mti wa saba na halisogei mbele. Huko juu, kwenye miti myeusi, hawaruhusiwi. Na bila miti myeusi, somo la nondo ni nusu ya somo.

Mkuu wa shule, ambaye huku anaitwa préfet, ni Gérard, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Anamheshimu Soraya, na anasema hivyo mbele yake. "Lakini wazazi wananiuliza diplôme," anaongeza. "Hakuna muzazi amekuja kuniuliza kuku." Mwaka huu amempa nafasi moja kabla ya mtihani. Ikitoka vibaya tena, Madame atarudi kwenye ubao, ataandikisha kama wengine, na mikaratusi itabaki kuwa kuni za kesho.

Soraya anajua maana yake. "Kuandikisha naweza, mukono yangu haiumi," anasema. "Lakini ile siku nitaanza, mimi si mwalimu tena. Niko redio." Kisha anasema jambo ambalo linaonekana kumuuma kuliko lile la kazi. "Na Héritier atabaki vile. Kijana aliyesikiliza kuku."

Kosa la kuku lilikuja kujulikana mwezi wa kwanza, wakati wa mavuno, na aliyeligundua ni msichana wa mstari wa nyuma. Esther-Divine, miaka kumi na minane, hutumwa na mama yake kila mavuno kukaa kando ya mikeka ya mpunga unaoanikwa na kufukuza kuku. Siku moja darasani, walipokuwa wanasoma kitu kingine kabisa, aliinua mkono.

"Madame, kuku ya kwetu inadonoa hata ganda ya yai. Hata karatasi. Kitu yote nyeupe yenye iko chini, inafikiri ni muchele."

Soraya anasema aliacha chaki ikaanguka. Siku hiyo hiyo walitandika gunia jeupe uani, na pembeni yake kitambaa cheusi, wakamwaga juu ya vyote viwili vipande vyeupe na vyeusi vya unga ule ule. Kuku walianza na vyeupe kwenye kitambaa cheusi. Walipovimaliza, walihamia kwenye gunia na kutafuta vyeupe huko pia, ambako binadamu mwenyewe alipaswa kuinama ili avione. Mtu wa Bukavu au wa Kindu angeweza kufanya jaribio lile na kuku wake, likatoka tofauti. Hapa kila nyumba ina mpunga, na kifaranga kinaanza kuchambua chenga za mchele kikiwa na siku tatu.

"Miezi saba yote nilikuwa nalaumu miti," anasema Soraya. Anasonya kidogo. "Kuku nilikuwa naona kila siku."

Kujua kosa ni jambo moja. Kumwendea Bulaimu ni jingine. Aliahirisha mpaka mwezi wa tano ukafika, akisingizia mvua, kisha mitihani midogo, kisha funga ambayo ilikwisha kitambo. Alhamisi moja, mwandishi wa habari hii akiwa hapo, alivuka mti wa saba.

Bulaimu alikuwa akipanga matofali mabichi kwa ajili ya moto mwingine, udongo umemfika viwikoni. Héritier alikuwa anashusha kuni kwenye baiskeli. Waliposalimiana, Bulaimu hakuacha kazi.

"Baba Héritier, nimekuja juu ya ile mambo ya mwaka jana."

"Madame, mutoto yangu alisikiliza kuku yako. Leo anabeba kuni yangu. Iko mambo gani tena?"

"Kosa haikuwa yake. Alisema ile aliona, na aliona muzuri. Mimi ndiye nilimuonyesha vibaya."

Akaeleza habari ya gunia na kitambaa. Bulaimu aliendelea kupanga, tofali juu ya tofali, akiacha matundu ya kupitisha moto. Alipofika mwisho wa mstari, alifuta mikono kwenye suruali.

"Kuku ilikuwa ya nani?"

"Ya Mama Laetitia."

"Ile kuku?" Bulaimu alimgeukia mwanawe, kisha akamgeukia tena mwalimu. "Ile kuku ilikula kifungo ya shati yangu, shati iko kwa kamba. Munaenda kuuliza ile kuku mambo ya sayansi?"

Héritier ndiye aliyeanza kucheka. Baba yake alijizuia, akashindwa. Soraya hakucheka. Alikuwa amesimama wima na mikono imekunjwa mbele, na ilionekana wazi kwamba angeweza kulia.

Masharti ya Bulaimu yalikuwa mafupi. Madame ataitumia miti, lakini Héritier ndiye atakayehesabu. "Kama iko lazima asikilize ndege," alisema, "ahesabu yeye mwenyewe, sawa sawa, mpaka anajua."

Safari hii darasa halikuwa na haraka. Kwanza Esther-Divine aliuliza kama ndege hawatawaacha weusi kwa sababu ya ladha ya makaa, basi wakatia makaa ndani ya nondo wote, weupe wakavishwa ngozi ya unga uliochanganywa na majivu kidogo. Waliwabandika juu, mahali ambapo kuku hafiki, alfajiri kabla ya vipindi, kisha wote wakaondoka ili ndege waje. Na ili wajue nani amekula, walijifunza alama: mdomo wa ndege unaacha shimo lenye ncha, mjusi anaacha alama za vijino vidogo, na siafu hawaachi kitu cha kusomeka.

Siafu ndio waliovuruga asubuhi ya kwanza. Kwenye miti ya tanuruni hakikubaki hata kipande. Serge alipendekeza waandike tu kwamba ndege wamekula, kwa kuwa hata hivyo wangekula. Soraya alimtazama mpaka akajirudi mwenyewe. Kesho yake walipaka duara la mafuta machafu ya pikipiki kuzunguka kila shina, wakaanza upya.

Asubuhi tatu zilizofuata Héritier alitoka tanuruni kabla ya saa mbili, akapita mti kwa mti na Esther-Divine. Yeye alisoma alama kwa sauti, msichana akaandika. Upande wa tanuru, ndege waliwachukua weupe kwa wingi, mara mbili ya weusi. Hilo halikumshangaza mtu. Kisha wakashuka kwenye miti myeupe.

Huko Héritier alihesabu, akarudi mti wa kwanza, akahesabu tena. Kufikia asubuhi ya tatu, kati ya nondo ishirini wa kila rangi, ndege walikuwa wamechukua weupe saba na weusi kumi na moja. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya gome, pale ambapo nondo mweupe alikuwa bado amebandikwa, na kutoka hatua chache nyuma mwandishi huyu hakuweza kumwona huyo nondo mpaka alipoonyeshwa.

"Donc, kumbe mwaka jana kuku ilinidanganya," alisema.

Soraya, aliyekuwa amekuja na daftari la mahudhurio kwapani, alitikisa kichwa. "Kuku haikudanganya. Tuliiuliza mambo ya nondo, ikatujibu mambo ya muchele."

Préfet Gérard aliletewa hesabu ofisini. Alizisoma taratibu, akasema tofauti upande wa miti myeupe ni ndogo, na kitabu kinazungumzia tofauti kubwa. Soraya alijibu kwamba kitabu kilihesabu miaka, wao wamehesabu asubuhi tatu, na kwamba yeye mwenyewe asingeapa kwa tofauti hiyo mpaka warudie mara nyingi. Kwa mtu aliyekuwa anatetea kazi yake, lilikuwa jibu la ajabu. Préfet alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

"Endelea," alisema. "Lakini na kitabu uandikishe."

Aliandikisha, bila kununa sana. Siku ya mwisho kabla ya mtihani aligeuza kitu kimoja tu. Badala ya kuwaambia wanafunzi jibu la kuandika, aliwataka kila mmoja amweleze mwenzake kwa nini kuku na ndege walitofautiana. Héritier, ambaye si mwanafunzi tena na angefanya mtihani kama mtahiniwa wa nje, alikaa mlangoni akisikiliza. Walimsogezea nafasi kwenye benchi.

Kuna wazazi waliokuja kumuuliza mwalimu kama somo hili linapigana na Mungu, Wakristo kwa Waislamu, wakiwa wamekuja pamoja, jambo ambalo si la kila siku. Aliwakaribisha chai. "Niliwaambia, mimi naswali kila siku, na Mungu hajanikataza kuhesabu," anasema. Wawili kati yao waliondoka hawajaridhika. Mmoja alirudi kuuliza ni ndege gani waliokula.

Mtihani ulifanyika mwezi wa saba. Bulaimu alimpeleka Héritier Kabambare kwa pikipiki, kijana akiwa amevaa shati la baba yake, lile ambalo sasa lina kifungo cha rangi nyingine. Swali la nondo halikutoka. Lilitoka swali la figo, na jingine la mbegu za njegere.

Soraya alipoambiwa, alikaa kwenye ngazi ya darasa. "Iko sawa," alisema. Halafu akasema, kwa uchovu, "Hapana, haiko sawa. Nilitaka itoke. Nilitaka aijibu."

Héritier hakuonekana kuhuzunika kama mwalimu wake. Swali la njegere, anasema, hakulikumbuka vizuri kutoka kwenye daftari. Alilifikiria. Alijiuliza kama mkulima anayeuliza swali angeitazama mbegu ipi kwanza, akaondoa majibu matatu yasiyowezekana, kisha akachagua. Hajui kama alipatia. Anajua kwa nini alichagua, na anaweza kumweleza yeyote mwenye nafasi ya kumsikiliza.

Mwandishi alirudi Wamaza wiki mbili baada ya mtihani. Matokeo yalikuwa bado. Soraya alikuwa anafunga mizigo kwenda Kasongo kwa mumewe, lakini hakuwa na haraka ya kufunga. Mipango yake ya mwaka ujao ilikuwa mingi. Udongo mzuri wa upande wa Bulaimu unaisha, na tanuru litahamia karibu na kijito. Mkaratusi hujivua gome. Moshi ukihama, miti myeusi huenda ikawa myeupe tena, na darasa litahesabu tena pale pale kuona kama ndege nao watageuza chaguo lao. Itachukua miaka miwili, labda mitatu. Aliyemletea habari ya tanuru kuhama ni Bulaimu mwenyewe, aliyesimama uani kwake jioni moja na kumuuliza kama miti ile itarudia rangi, na weupe wakirudi, watatoka wapi. Soraya alisema hajui. Bulaimu alionekana kulipenda jibu hilo.

Lakini tumaini kubwa la Soraya kwa sasa haliko kwenye miti. Kila mwaka matokeo yanapotangazwa, Wamaza hufanya kama inavyofanyika kote Kongo: nyumba ya aliyefaulu inajaa watu, wanamwagia mtoto poda nyeupe kichwani na mabegani, wanaimba, wanamtembeza barabarani akiwa mweupe kuanzia nywele mpaka kifua. Mwaka jana Soraya alisikia nyimbo za nyumba nyingine. Ya Bulaimu aliipita macho chini.

"Mwaka huu nataka waniite ndani," anasema. "Si kwa leçon. Nimwagie mutoto poudre na mukono yangu, basi. Ndiyo maana sifungi valizi."

Kuna jambo ambalo Soraya hajamwambia Héritier. Muuza duka wa Kabambare alimdokeza kwamba mchoma matofali mmoja wa Wamaza alinunua kopo la poda, kubwa, lenye harufu ya maua, siku ile ile aliyompeleka mwanawe kwenye mtihani, kabla hata karatasi hazijagawanywa. Alilifunga kwenye mfuko mweusi na kulipachika ndani ya koti.

Bulaimu alipoulizwa na mwandishi hakukana. Aliingia ndani, akashusha mfuko kutoka kwenye paa, akaufungua kidogo ili kopo lionekane, akaufunga tena haraka kwa kuwa Héritier alikuwa anakuja na kuni.

Na mtoto akikosa tena?

Bulaimu aliurudisha mfuko juu, akausukuma mpaka nyuma ya boriti, mahali pakavu.

"Poudre haiozi," alisema.